Pijo la Shemeji Lilivyopakwa Nazi

Leo nimeadhirika, jamani. Tena si kichochoroni. Barazani, mbele ya wazee, mjumbe wa nyumba kumi akiwemo!

Mnajua leo nilikuwa nangoja jibu la posa yangu kwa Mwanahamisi. Baba yake hakuwa na neno, ila alitaka mjomba wa binti, Mzee Shomari wa Fukayosi, aje anione kwa macho yake. Nikajitia ubingwa: "Mzee asihangaike na basi. Nitamfuata mwenyewe kwa gari." (Gari la nani? La shemeji, mume wa dada. Mimi nina baiskeli, nayo haina breki.)

Asubuhi nalikuta gari lenyewe, Pijo, uani, limejaa vumbi na mavi ya kunguru. Nafungua bomba. Likakohoa, likatoa upepo, basi. Maji ya kisima yana chumvi, na shemeji keshaapa nikiligusa gari lake kwa maji yale nitakwenda kuposa juu ya punda. Ndani imebaki ndoo moja ya maji matamu, na Mama ameilinda.

"Mama, naomba maji nioshe gari."

"Gari linaswali?"

"Haliswali."

"Basi lingoje mvua. Haya ya kutawadhia na kupikia."

Nikabembeleza, akanipa kopo moja. Moja! Jirani yetu Hamadi, utingo wa lori, alikuwa anasikiliza juu ya ukuta.

"Gari haliogeshwi, bwana. Lifute na kitambaa kikavu, kisha chenye unyevu, halafu lipake mafuta ya nazi kidogo. Litang'aa hilo!"

Hiyo "kidogo" sikuisikia.

Nikachukua kanga kuukuu, nikafuta. Kopo likaisha kabla sijafika mlango wa pili. Nikahamia kwenye mafuta. Loo! Lilimeta. Nikaona nisiache kazi nusu: nikapaka bampa, nikapaka kioo cha mbele, nikapaka na viti, vile vyeusi vya ngozi ya bandia. Dada akachungulia: "Nani anaunga mchicha huko?" Paka wa jirani akaja kulamba tairi. (Mwenye akili angeshtuka.)

Nikavaa suruali yangu ya bugaluu na viatu vya raizoni, nikachana afro yangu, nikaondoka. Pale mtaani Dunda watu waligeuza shingo. Bwana mkubwa!

Nilipotoka mjini nikajikuta nyuma ya lori. Vumbi lake lote, jekundu, lilikuja kukaa kwangu na halikubanduka. Kioo kikaziba kabisa. Ikabidi niendeshe kichwa kikiwa nje ya dirisha. Nafika Fukayosi, Pijo limekuwa kama samaki aliyeviringishwa kwenye unga, anangoja kukaangwa.

Mzee Shomari akatoka. Kanzu nyeupe pee.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Wewe ndiye dereva?"

"Mimi ndiye mposaji."

Akanitazama toka afro, ambayo sasa ilikuwa nyekundu, hadi raizoni. "Na hili?"

"Ndilo gari, mjomba."

"Nilidhani kichuguu."

Nikasugua kioo kwa kanga, nikamfungulia mlango. Akakaa, akateleza. Kona ya kushoto akanijia begani. Kona ya kulia akaubamiza mlango. "Kijana, kiti hiki kina nini?"

"Bado kipya, mjomba." (Kipya! Gari limenunuliwa enzi za mkoloni.)

Mbuzi akakatiza. Nikafunga breki. Kugeuka, mjomba hayupo! Alikuwa chini, kofia tu ndiyo inaonekana.

Tukafika kwa kina Mwanahamisi. Wazee wote barazani. Mjomba akashuka kwa heshima zake, akatoa salamu, akaanza kuwapa mikono mmoja mmoja, mgongo kautupia dirishani kwa wanawake. Ndani mtu akaangua kicheko. Kicheko kile nakijua. Ni chake, Mwanahamisi.

Mjumbe akainama nyuma ya mjomba. "Shomari, umekalia nini?"

Makalioni pa kanzu palikuwa na madoa mawili ya duara, rangi ya udongo, yanang'aa kama maandazi. Mjomba akajipapasa, akanusa vidole. Akanigeukia.

"Nazi! Kijana, mimi umenifanya kuku wa kupaka?"

Wazee wakalala chini kwa kucheka. Mimi nikatafuta pa kujificha, nisipapate.

Baba mkwe akampa kikoi, wakaingia ndani. Nilikaa nje roho mkononi, nikihesabu posa imekwisha. Hatimaye nikaitwa.

"Akili sijaiona," mjomba akasema. "Lakini kijana anayejisumbua hivi kwa ajili ya binti yetu, mpeni. Ila Fukayosi nitarudi kwa miguu."

Nimekubaliwa, jamani! Ila naombeni ninyi msinicheke. Mchumba wangu anacheka mpaka sasa hivi, na yeye peke yake ananitosha.