Vita vya Kanzu Nyeupe na Treni ya Jumamosi

Sogeeni, enyi wa Makongeni, na ninyi wa Umoja mnaojiona mmeshasikia yote, acheni chai ipoe! Ninamsimulia Bi Hikma binti Idarusi, Simba wa Kamba ya Nguo, aliyeikabili peke yake treni ya abiria kutoka mjini, juu ya reli ile kongwe iliyopanda toka Mombasa kabla babu zetu hawajaota meno.

Alikuwa ameianika kanzu ya mwanawe Mumin, nyeupe pepepe, kanzu ya nikahi, na nikahi ni baada ya alasiri siku iyo hiyo. Ua wake umepakana na reli, na injini ile hutema masizi bila kujali nguo ni ya nani. Ndiyo maana sisi huanua kabla ya treni ya jioni. Lakini katika pirikapirika za harusi, Bi Hikma alisahau kuwa ni Jumamosi, na Jumamosi treni ya jioni huja saa nane mchana.

Honi ikalia upande wa Landi Mawe. Jirani yake Njoki akapiga ukelele: "Hikma wee! Leo Jumamosi! Kanzu!"

Bi Hikma akatoka jikoni mbio, mikono yote miwili imeloa bizari ya pilau, akasimama mbele ya kamba. Angeigusa vipi? Akaigeukia treni, akaifokea:

"Ewe chuma usiye na haya! Marehemu mume wangu alikupaka grisi miaka thelathini, nawe leo waja kumpaka mwanawe masizi? Wallahi, hupati hata ukosi!"

"Hotuba baadaye, mama!" akalia Njoki. "Tumia meno!"

Akatumia meno. Kibanio cha kwanza kikasalimu amri, cha pili kikafuata, cha tatu kikaasi. Madirishani abiria wakashangilia: "Mathe, vuta! Usiachilie!" Akavuta, kikaruka, naye akaingia ndani kinyumenyume, kanzu mdomoni ikining'inia nyuma ya bega, uso na kifua akivitolea moshi. Hakuna hata doa.

Na iandikwe katika historia ya reli: saa nane na dakika tatu, Makongeni, injini ilishindwa.

Mpiga picha alipokuja, Nyawira, jirani mwingine, akamletea Bi Hikma maji anawe uso, maana ulikuwa mweusi tii. Akayasukuma kando, akasimama karibu na mwanawe anayeng'aa.

"Piga hivi hivi," akasema. "Wajukuu wajue nani alishinda."