Karatasi Isiyoingia Doa

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye kwa sababu zilizo nje ya uwezo wake amepata udhuru asubuhi hii na kunilazimu mimi, Mkurugenzi wenu, kuwa mgeni rasmi wa hafla niliyoiandaa mimi, Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi, waheshimiwa wajumbe wa Bodi mliofika, na ninyi mliotuma madereva wenu waje kuwawakilisha, Ndugu Mganga Mkuu, Ndugu Katibu wa Mganga Mkuu, Ndugu Msaidizi wa Katibu, wewe uliyebeba viti, wakuu wa idara, wakuu wa vitengo, makaimu wakuu wa vitengo, na wale mnaowakaimu makaimu, madaktari, wauguzi, wataalamu wa maabara, mke wangu mpenzi, simama wakuone, mama, simama, geuka kidogo, haya kaa, ndugu wanahabari, na ninyi wagonjwa na jamaa za wagonjwa mnaosimama juani kwa hiari yenu. Kama kuna mtu sijamtaja, ajue cheo chake bado hakijafika mahali pa kutajwa. (Makofi kutoka viti vya mbele.)

Nimesimama mbele yenu, katika uwanja huu wa hospitali yetu, nikiwa na furaha isiyo kifani, kuzindua rasmi Mradi Mkakati wa Mfumo Jumuishi wa Kuzuia Uchafuzi wa Nyaraka za Maabara, Awamu ya Kwanza, mradi ambao ulibuniwa na mimi, ukasimamiwa na mimi, ukatathminiwa na mimi, na baada ya tathmini hiyo huru mimi nikajiridhisha kwamba umefanikiwa kupita matarajio yangu mwenyewe, na ninyi mnajua matarajio yangu yalivyo makubwa. (Makofi. Mke wa Mheshimiwa anaendelea kupiga makofi peke yake.)

Tatizo lilikuwa nini? Tatizo, ndugu zangu, linaitwa kontamineshani. Semeni wote: kontamineshani! (Umati: “Konta... nini?” Kicheko.) Mmejitahidi. Kwa faida ya wale ambao shule iliwaacha njiani, nitafafanua. Daktari anapokata kipande cha nyama mwilini mwa mgonjwa, tuseme kwenye uvimbe, kile kipande hutiwa ndani ya chupa yenye dawa ili kisioze, halafu hupelekwa maabara, pale kwenye dirisha la kijani kushoto kwenu, wakakiangalie kwa darubini na kusema kama ni ugonjwa mbaya au si mbaya. Chupa husindikizwa na karatasi: jina la mgonjwa, umri, nyama imetoka wapi. Sasa watu wetu, miaka nenda miaka rudi, karatasi hiyo wanaizungushia kwenye chupa na kuibana kwa mpira, mtu utadhani anafunga zawadi ya arusi! Chupa inavuja. Karatasi inalowa. Wino unaondoka na jina la mtu. Damu huku, dawa kule, na uchafu huo huo anaushika karani, anaushika tarishi, unapanda ngazi mpaka mezani kwangu. Mezani kwangu mimi! Siku moja niliishika moja kabla ya chai. Ile chai sikuinywa, na nilikuwa nimeshaitia sukari. (Miguno ya huruma kutoka viti vya mbele.)

Wataalamu wa maabara walikuja ofisini kuniona. Mnajua waliomba nini? Naona aibu hata kulitamka mbele ya wageni. Waliomba vifuniko. Vifuniko vya chupa, vinavyobana! Na vifuko vya nailoni vyenye sehemu mbili, eti chupa ikae huku na karatasi ikae kule. Na glovu za kutosha, eti mtu avue zile alizoshikia nyama kabla hajagusa kalamu. Na meza moja ndogo ya karatasi tu. (Sauti kutoka kwa watu wa maabara: “Ndiyo, na mpaka leo tunaomba!”) Kaa chini, bwana. Maswali hayamo kwenye ratiba. Mtu mzima, una cheti ukutani, una mke na watoto, unapanda ngazi zote zile kwenda kwa Mkurugenzi kuomba kifuniko! Niliwaambia pale pale, jamani, fikra zenu ziko chini mno, zinapita chini ya meza. Tunahitaji mfumo. Tunahitaji fremuweki. Kifuniko hakizinduliwi, hakina utepe, hakina jiwe la msingi, na hakuna mgeni rasmi duniani atakayesafiri kuja kutazama kifuniko kikifunikwa. (Kicheko kutoka viti vya mbele. Watu wa maabara hawacheki.)

Basi nikaunda kamati. Kamati ikaunda kamati ndogo, kamati ndogo ikafanya semina elekezi ya kujielekeza, na baada ya upembuzi yakinifu ikapendekeza ziara ya mafunzo katika hoteli moja kubwa yenye hewa safi, kwa sababu maabara si mahali pa kutafakari, maabara inanuka. Na hapo ndipo maajabu yalipotokea. Tumekaa mezani. Mhudumu anamimina supu, mkono unateleza, supu yote juu ya menyu. Nikajua basi, menyu imekwisha. Lakini wapi! Yule kijana akachukua kitambaa, akapangusa mara moja, menyu ikang'aa utadhani imetoka dukani. Nikasimama pale pale. Nikamwambia mwenyekiti wa kamati ndogo: acha kula wewe, tumepata! (Makofi.) Aliendelea kula, lakini kichwani alikuwa amenielewa.

Hiyo ndiyo lamineshani, ndugu wananchi. Kuanzia leo kila karatasi ya maabara itafunikwa kwa nailoni ngumu mbele na nyuma, kingo zote zikibanwa, kabla haijaguswa na mkono wa binadamu yeyote. Mwaga damu, inapanguswa. Mwaga dawa, inapanguswa. Najua kuna wenye roho za korosho. Mmoja wenu aliniuliza kwenye kikao, “Sasa Mheshimiwa, karatasi ikishapigwa lamineshani ikiwa tupu, jina la mgonjwa tutaliandika wapi? Wino unateleza.” Nikamjibu kwa upole kabisa kwamba hilo ni suala la kalamu, na kalamu hazimo katika hadidu za rejea za mradi huu. Akanyamaza. Mpaka leo amenyamaza, nilimhamishia stoo.

Na matokeo yanajieleza. Katika kipindi cha majaribio, karatasi zilizolowa: sifuri. Karatasi zenye damu: sifuri. Majina yaliyofutika: sifuri, maana huwezi kufuta kisichoandikwa, na huo ndio uzuri wa mfumo kuliko vifuniko vyenu. Ufanisi kwa ujumla umepanda kwa asilimia mia moja na arobaini, na mtakwimu wangu ananihakikishia ungepanda zaidi, ila alichoka. (Makofi.) Na ili tusirudi nyuma, jana niliagiza karatasi zote za zamani, zile za kuandikika, zikusanywe kutoka kila wodi na kila droo, zikachomwe moto nyuma ya jiko. Zimeungua zote. Hatuna hata moja! (Makofi yanaanza, yanakatika. Binti mmoja aliyekaa chini karibu na spika anasimama. Amepakata chupa ndani ya mfuko wa nailoni.)

Nani huyo? Mlinzi! Hapana, mwache, kamera zinaona. Sema, binti yangu, lakini kwa kifupi.

(Binti: “Shikamoo, Mheshimiwa. Hii ni nyama ya mama yangu. Wameitoa asubuhi hii, kwenye ziwa. Daktari aliandika jina juu ya plasta, dawa ikavuja, likatoka. Nimekwenda dirishani, wamenikatalia. Wanasema chupa bila karatasi hawaipokei, na karatasi hakuna wodi nzima.”)

Marahaba. Umesikia mwenyewe, tumezichoma. Kwani haraka ya nini?

(Binti: “Daktari wa upasuaji anahama wiki hii. Amesema bila jibu la maabara hawezi kumkata mama, na huku hakuna mwingine. Ikipokelewa leo, jibu linamkuta. Ikilala leo, basi tena. Naomba karatasi tu, baba. Hata kipande.” Sauti kutoka umati: “Mpe karatasi!” “Jamani, si mumpe!”)

Utulivu! Utulivu, ndugu wananchi. Mnaona jinsi Mungu anavyopanga mambo? Nilikuwa natafuta mnufaika wa kwanza, na mnufaika amejileta. Njoo hapa mbele, binti. Chupa iache, usinikaribie nayo, hii suti ni ya kushonesha. Haya njoo nayo, lakini ishike mbali. Wapiga picha, tayari? Ndugu wananchi, kwa mamlaka niliyojipa, ninamkabidhi binti huyu Karatasi Isiyoingia Doa, ya kwanza katika historia ya hospitali hii! Tabasamu. Tazama kule. Inue juu, zaidi, ifiche chupa. (Picha. Makofi kutoka viti vya mbele. Binti anaigeuza karatasi upande huu na upande ule.)

(Binti: “Mheshimiwa, haina kitu.”)

Ndio usafi wenyewe huo.

(Binti: “Na jina la mama?”)

Mama yako unamfahamu au humfahamu? Unamfahamu. Basi jina lake libaki salama kichwani mwako, huko halilowi. Nenda kakae, binti yangu, umefanya vizuri sana, umependeza kwenye picha. (Binti harudi mahali pake. Anachutama pembeni ya jukwaa, karibu na kipaza sauti cha akiba, anaweka chupa chini, anachomoa pini ya nywele.)

Namalizia, ndugu zangu. Semeni nami, kwa sauti ya watu walioshiba: Karatasi safi, taifa safi! (Viti vya mbele: “Taifa safi!”) Doa? (Viti vya mbele: “Hapana!”) Lamineshani? (Viti vya mbele: “Ndiyo!” Umati unatazama pembeni ya jukwaa. Kunasikika mkwaruzo kwenye spika.) Fundi mitambo, kuna kitu kinakwaruza, angalia nyaya zako.

Siwezi kushuka bila kushukuru, mimi si mtu wa kula na kufuta mdomo. Namshukuru jirani yetu mwenye duka la viatu, aliyetuazima maboksi haya mnayoyaona yamepangwa nyuma yangu mpaka juu, na ambaye ameomba tusiyaegemee, kwa kuwa ni matupu. Namshukuru mwenye steshenari ya pale getini, aliyetupigia lamineshani karatasi ile moja kwa hisani yake, maana fungu la mashine, la nailoni na la karatasi nyingine lilikwisha lote kwenye ziara ya mafunzo, na hoteli ile, jamani, si ya mchezo. Nawashukuru wanahabari kwa kupiga picha kwa karibu, ili karatasi moja ionekane nyingi. Na namshukuru kwa namna ya pekee binti yetu, ambaye sasa namwomba airudishe karatasi, kwa kuwa ndiyo hiyo hiyo iliyopo, na kesho asubuhi nazindua mradi huu hospitali ya pili. (Minong'ono mikubwa.)

Binti? Yuko wapi? Nimesema arudishe. Wewe, unafanya nini na hiyo pini? (Umati unasogea. Binti amechota udongo wa uwanjani kwa vidole, anausugua juu ya nailoni. Mikwaruzo inajaa udongo. Herufi zinatokea, kubwa, nyeusi.) Mzuieni! Mlinzi, mbona umesimama tu? (Mlinzi: “Mheshimiwa, mguu umekufa ganzi.” Umati unafungua njia. Binti anakimbia na chupa mkono mmoja, karatasi mkono mwingine. Kwenye dirisha la kijani, mama wa mapokezi, yule wanayemwita Mama Dirisha, ameshanyoosha mikono yote miwili.)

Mama, usiipokee hiyo! Ni mali ya mradi! (Mama Dirisha anasoma kwa sauti jina la mgonjwa, umri, ziwa la kushoto. Binti anaitikia, “Ndiye mama yangu huyo.” Mama Dirisha anapokea chupa, anapokea karatasi, anamwambia binti, “Nenda kakae na mama, hii inaingia sasa hivi,” na kufunga dirisha. Vigelegele. Makofi ya uwanja mzima.)

Mnapiga makofi ya nini? Hamwoni? Udongo! Ameisugua udongo mbele ya kamera! Nimeihangaikia karatasi ile nusu mwaka, haijapata hata alama ya kidole, na leo hii, siku ya uzinduzi, mtu anakuja kuichora jina la mgonjwa! Kesho nitazindua nini mimi? Nitasimama mbele ya watu nimeshika nini? Fundi mitambo, weka muziki. Weka muziki, nimesema! Na wewe karani wa kumbukumbu, acha kucheka, shika kalamu uandike kama ninavyokutajia: mfumo ulikuwa safi kabisa, wa kiwango cha kimataifa, mpaka pale wagonjwa walipouingilia.