Miraji bin Bwanaheri na Nyumba Isiyouzwa

Tulieni, enyi watu wa Kibiti na vitongoji vyake! Anayekaanga mihogo na aepue karai, anayegombania chenji na kondakta na asamehe, na bodaboda wa stendi wazime pikipiki zao, kwa maana inaletwa mbele yenu habari ya vita ambavyo havikumwaga damu hata tone, ila vilimwaga jasho jingi na chai ndoo nzima. Ni habari ya Miraji bin Bwanaheri, mshika chaki wa Muhoro, mwenye pikipiki isiyo na honi, aliyeapa kuipangisha nyumba ya mama yake iliyoko Kibiti pasipo mkono wa dalali.

Wala msidhani alikurupuka. Mama yake, Bi Mashavu binti Zaidi, mjane mwenye ulimi usiojua kuficha, alikuwa na mtoto wa jicho katika macho yote mawili, na daktari wa Dar es Salaam alikuwa amempangia kupasuliwa Jumatatu, jicho moja kwanza na la pili baadaye, akae kwa bintiye Zabibu kule Mbagala miezi sita. Bi Mashavu alikubali yote, kisha akaweka sharti zito kama kinu.

"Nyumba isiyo na mtu huliwa na mchwa," alimwambia Miraji kwa simu. "Sitoki hapa mpaka mtu wa heri awashe moto jikoni kwangu. Na huyo Nassibu asiniletee mtu. Dalali akishapata chake, hajui tena mlango wako uko upande gani."

Siku hiyo ilikuwa Alhamisi, na macho ya mama yalimngoja mpangaji.

Basi Miraji akaomba ruhusa kwa mwalimu mkuu, akavuka daraja la Ndundu, akaipita Ikwiriri bila kusimama hata kunywa maji, akaingia Kibiti na vumbi kubwa nyuma yake, utadhani anafuatwa na jeshi. Jeshi hakuwa nalo. Alikuwa na ubao wa plaiwudi, kopo la rangi nyeusi na brashi iliyokwisha nywele.

Penye njia panda alimkuta Nassibu wa Laini Mbili, sultani wa funguo za watu, ambaye hapakuwa na chumba kilichopata mtu mjini pale pasipo yeye kula kodi ya mwezi mmoja.

"Mwalimu," alinena Nassibu, simu moja sikioni na nyingine mkononi, "nimesikia umetangaza vita. Rudi ulikotoka! Mji huu una milango mingi, na kila mlango unanijua kwa jina. Utakaa na ubao wako mpaka rangi ipauke, kisha utakuja kunibembeleza, nami nitakupokea, kwa kuwa Mungu hakuniumba na kinyongo."

Miraji akainua brashi. "Nassibu! Baba yangu aliijenga nyumba ile kwa matofali aliyoyafyatua mwenyewe, wala hakumtafuta dalali wa kumwonyesha udongo. Kaa na laini zako mbili. Mimi ninayo moja, na ina salio."

Wakaulizana hali za watoto, wakaagana kwa heshima, maana walisoma darasa moja.

Ubao ukapigiliwa kwenye mnazi wa barabarani: NYUMBA INAPANGISHWA. DALALI USIPIGE. Kabla ya adhuhuri zikawa zimepigwa simu kumi na tisa. Kumi na saba zilikuwa za madalali, moja ya Zabibu aliyetaka kujua mambo yamefikia wapi, na moja ya mzee aliyekosea namba, ambaye hata hivyo alizungumza kwa kirefu juu ya mgongo wake.

Ijumaa baada ya sala akaja Ashrafu, mnunuzi wa ufuta, mtu wa tumbo la heshima na koti hata juani. Bi Mashavu akampa chai, akampitisha vyumba vyote vitatu kwa kupapasa kuta, na kwa kuwa hakujaaliwa kuficha, akamfunulia kila kitu.

"Hapa panavuja, baba, lakini si sana, sufuria moja yatosha. Dirisha hili halifungi tangu harusi ya Zabibu. Jogoo wa jirani hajui saa. Na chumba hiki ndicho alichofia mume wangu, Mungu amrehemu, alikufa vizuri tu."

Kila neno lilimchoma Miraji ubavuni. Akamkonyeza mama yake mara tatu, shujaa wetu, akisahau kwamba mama haoni. Na hata angaliona, asingalinyamaza.

Ashrafu aliyastahimili hayo yote, hata kifo cha marehemu. Kilichomshinda kilikuwa nje, kwenye ukuta wa mbele, ambako marehemu Bwanaheri alikuwa ameandika kwa rangi nyekundu, mwaka ule matapeli walipokuwa wakiuza nyumba za watu, wenyewe wakiwa shamba: NYUMBA HII HAIUZWI.

"Mwalimu," alinena Ashrafu akifunga vifungo vya koti, "nimenunua ufuta kuanzia Ngorongo hadi huko milimani, na jambo hili nimejifunza: ukuta unaosema haiuzwi una ndugu wanaogombana nyuma yake. Leo nitaingiza magunia, kesho ataingia shemeji na karatasi ya mahakama. Lakini chai ilikuwa tamu."

Akaenda zake. Walikuja wengine wawili, nao hawakufika hata barazani. Walisoma ukuta, wakatazamana, wakageuza.

Jumamosi asubuhi Miraji akakoroga chokaa. Alikuwa hajalala vizuri na alikwisha kuitafuta namba ya Nassibu mara mbili, akaiacha. Alichovya brashi, akauelekea ukuta kama mtu anayekwenda kuvunja ngome.

"Unafanya nini, Miraji?"

"Nafuta, mama. Maneno haya ndiyo yanayotufukuzia watu."

Bi Mashavu akaja akipapasa ukuta, akaweka kiganja juu ya herufi.

"Baba yako alikuwa hajui kuandika," alisema. "Alijifunza maneno haya matatu tu, kwa mwezi mzima, ili ayaandike hapa. Wewe ulikuwa chuo cha ualimu, aliona haya kukuomba. Siku hizi nayaona kwa mkono. Nikirudi na macho, nataka niyaone haya kwanza."

Miraji akaweka brashi chini. Miaka yote ile aliyofundisha watoto wa watu kuandika, jambo hili hakulijua. Akalia, na mwandishi wa habari hizi hamcheki.

Ni hapo bajaji iliposimama njiani, imejaa masufuria na godoro lililokunjwa, akashuka dada mmoja mwenye sare ya uuguzi.

"Shikamoo, mama. Shikamoo, kaka. Naitwa Salima, nimehamishiwa kituo cha afya. Samahani, kweli nyumba hii haiuzwi?"

"Marahaba. Haiuzwi, mwanangu," alijibu Bi Mashavu. "Kwa nini?"

"Nimehama nyumba nne kwa miaka mitatu, mama. Kila nikipanga, mwenyewe anauza, mnunuzi ananipa wiki mbili nitoke. Nilikuwa napelekwa gesti, nikaona ubao wa kupangisha kwenye mnazi, nikasoma na ukuta, nikamwambia dereva asimame."

"Haiuzwi. Ila inavuja."

"Sufuria ninazo."

Mkataba ukaandikwa kwenye karatasi ya daftari la hesabu. Wino haujakauka, akatokea Nassibu akihema. "Huyo dada ni wangu! Dereva wa bajaji njia ya huku nimemwonyesha mimi!" Miraji akamkalisha barazani, akampa udalali wake, nao ulikuwa kikombe cha chai, na Nassibu akataka na cha pili.

Salima akawasha moto. Bi Mashavu akanusa moshi, akasema sasa twende. Alikwisha kufika kwenye gari la kukodi alipokumbuka tasbihi yake, akakataa kuletewa, akarudi mwenyewe. Penye mlango ule aliouingia miaka thelathini na moja pasipo kumuuliza mtu, akasimama.

"Hodi!" akaita.

Miraji alitaka kumwambia, mama, ingia tu, ni kwako.

"Karibu, mama," Salima akaitika toka jikoni. "Pita ndani."

Bi Mashavu akavua ndala, akaingia.

Basi wenye kuandika historia na waandike: siku ile katika mji wa Kibiti, Miraji bin Bwanaheri alimshinda dalali, na mama yake akapiga hodi nyumbani kwake mwenyewe, akakaribishwa.