Tiketi ya Msimu ya Kutazama Raga

Wenzangu, leo nimeadhirika mchana kweupe. Nawaandikia kutoka chumba cha kompyuta cha chuo, magoti yamejaa tope.

Mnajua nina miezi miwili London na hakuna anayenijua jina ila Shangazi. Binamu yangu wa Marekani aliniambia dawa: nunua tiketi ya msimu ya michezo ya chuo. Unakaa na watu walewale kila wiki, mwishowe mnazoeana. Wiki nzima nimejiuliza, ninunue, nisinunue? Asubuhi nikampigia Shangazi.

"Ununue kiti uwanjani? Kwani kwangu hakuna viti? Weekend njoo Tottenham, vipo sita vya dining!"

Lakini upweke umenichosha, jamani. Nikaenda ofisi ya michezo. Nikamwambia dada wa pale nataka kulipia raga, msimu mzima. (Raga siijui. Nilipanga kujifunza taratibu, nimekaa.)

Akafurahi mno. Akaniuliza urefu wangu. Nikadhani ni kwa ajili ya kiti, nisije nikamzibia mtu wa nyuma. Akauliza kama nina pumu au ugonjwa wa moyo. Nikasema loo, mechi zao zinasisimua! Akataka na namba ya jamaa wa kupigiwa ikitokea dharura. Nikampa ya Shangazi, nikasaini, nikalipa.

"Basi linaondoka saa sita na nusu," akasema.

Watazamaji wanapelekwa kwa basi! Nikaona hela yangu haikupotea.

Kufika uwanjani, kapteni, kijana mwenye shingo nene, akanirushia jezi namba kumi na nne. Nikaivaa juu ya koti na skafu. (Nilidhani ni ya ushabiki.)

"Vua koti," akasema.

"Nitasikia baridi nikikaa."

"Nani kakwambia utakaa? Tuko kumi na nne. Wewe ndiye wa kumi na tano."

Nikatazama pembeni ya uwanja. Watazamaji walikuwa wawili, na mmoja alikuwa mbwa. Viti havikuwepo kabisa. Hapo ndipo nikaelewa nilichosaini. Nikamweleza kwamba mimi nimekuja kutazama tu. Akanipa viatu.

Nusu saa ya kwanza nilikwenda vizuri sana, kwa sababu mpira ulikuwa upande wa pili. Nilikuwa nikikimbia pale wenzangu wanapokimbia, nikisimama wanaposimama. Kisha mpira ukaruka juu, ukanidondokea mikononi. Nikaudaka! Wenzangu wakapiga kelele. Mbele yangu likaja pande la mtu kutoka timu ya pili, mbio, kanyoosha mikono yote miwili.

Nikampa.

Wallahi nikampa. Kwa mkono wa kulia, kama tulivyofunzwa nyumbani. Yule bwana akashtuka, akasema "asante," akaenda kuulaza mpira nyuma ya mstari wetu, kumbe ndiko kufunga kwenyewe.

Kapteni akaja mpaka nilipo. Hakuwa na hasira, alikuwa anataka kuelewa.

"Kwa nini umempa?"

"Kanyoosha mikono. Nilidhani anaomba."

Tumefungwa. Kurudi, nikakaa peke yangu nyuma ya dereva, nimeinama, najua marafiki ndio basi tena. Kapteni akaja kukaa ubavuni mwangu. Kisha akanyoosha mikono miwili.

"Naomba kofia."

Nikaivua kichwani, nikampa. Basi zima likaangua kicheko. Mwingine akaja kuomba saa, mwingine skafu, mwingine akataka viatu na mguu mmoja. Njia nzima hivyo, na kila mwombaji akiniita kwa jina langu. Nilicheka mpaka mbavu zikauma. (Nyingine zilikuwa zinauma tangu uwanjani.)

Jumatano tuna mechi. Nitakwenda, na safari hii atakayeninyooshea mikono atanisamehe. Nanyi msicheke, tafadhali: kofia yangu bado anayo kapteni, naona haya kuiomba.