Shimo Nambari Arobaini na Saba

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Daftari hili kaninunulia binti yangu, niandike siku za mama yake kusafishwa kidonda. Nimeandika. Jumatatu, Jumatano, Ijumaa. Kazi imekwisha na kurasa zimebaki tele. Nitaandika habari za shimo.

Shimo liko mbele ya lango langu, mwaka wa tatu sasa. Mimi nimeendesha greda miaka ishirini na mbili. Nimenyoosha barabara ambazo hata wakubwa hawakujua zinaelekea wapi. Mtaa mzima unaniita Mzee Greda. Leo shimo lije linikalie langoni kama lina hati ya kiwanja.

Mke wangu ana sukari. Kidonda kipo kidole gumba, mguu wa kushoto. Nesi kasema asikanyage chini na asikose siku hata moja, la sivyo weusi utapanda na mguu utakatwa. Dereva wa bajaji naye anasema langoni hafiki, shimo limeshamvunjia springi mara mbili. Anaishia dukani. Kutoka hapa hadi dukani ni hatua mia mbili na kumi. Mke wangu kazikanyaga zote leo, kwenda na kurudi.

Binti kapiga simu. Mama aje akae kwake, hospitali iko ng'ambo ya barabara tu. Nikamwambia mama yako ana nyumba. Akasema, Baba, ni wiki sita tu. Nikakata simu. Nikimhamisha mke wangu, shimo limeshinda.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Nimeamka na mpango. Nimekata matawi, nikayapanga barabarani, kama tunavyofanya gari likiharibika. Dereva akiona majani anapunguza mwendo. Ndivyo tulivyofundishwa sisi.

Hawa wa leo wakiona majani wanakanyaga mafuta. Wote wanahamia upande wa pili, wanaotoka na wanaokuja, wanatukanana katikati. Pikipiki mbili zimepita kibarazani kwangu. Mmoja alinisalimia.

Akatokea trafiki. Nilifurahi. Kumbe kavuta kiti pale dukani, anakamata kila anayelikwepa shimo kwa kupita upande usio wake. Anayetumbukia hana kosa.

Nilikuwa nimembembeleza dereva wa bajaji mpaka kafika langoni. Mke wangu kapanda, mimi kando. Tukalikwepa shimo, tukakamatwa. Trafiki kasema, mama mgonjwa atafutiwe bajaji nyingine awahi, dereva abaki. Kijana wa watu aliongea kwa adabu. Mimi nikasema hatoki mtu hapa mpaka sheria ielezwe vizuri. Tukaenda kituoni sote. Niliwahutubia kwa muda wa saa mbili na nusu. Mke wangu alikaa kwenye benchi, mguu kauweka juu ya kiatu changu.

Nimeshinda. Dereva kaachiwa kwa onyo. Tulipofika hospitali chumba cha vidonda kilikuwa kimefungwa.

Njiani nilimuuliza mke wangu kama aliona nilivyowaweka sawa. Akasema, niliona, mume wangu. Hata kidole kiliona.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Serikali imeshindwa. Nimeziba mwenyewe. Nimesomba kifusi toroli kumi na nne, nikamwagia maji, nikashindilia kwa gogo. Mgongo unaniuma mpaka kwenye meno.

Mwalimu mstaafu wa nyumba ya pili kaegemea ukuta wake, kikombe mkononi. Yeye pia ana shimo mbele ya lango, dogo, la kisomi. Kaniuliza kwa nini nisingoje, kapeleka barua manispaa na wamemjibu. Nikamwambia barua haijawahi kuziba shimo, Mwalimu. Akasema haya, Mzee Greda, shindilia.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Asubuhi bajaji imefika mpaka langoni. Mke wangu hakukanyaga hatua hata moja. Nilisimama juu ya kifusi changu nikawapungia mkono. Nesi kamwambia kidole kimebadilika rangi, sasa asikose kabisa.

Hapo ningeacha kuandika, maana nilikuwa nimeshinda. Lakini mchana kaja mkaguzi wa barabara na kopo la rangi ya njano. Kila penye shimo anachora mraba, ndani anaandika nambari, kisha anajaza kwenye karatasi. Wiki ijayo watu wa lami watapita. Penye mraba wanaziba, pasipo mraba wanapita.

La Mwalimu limepata mraba. Nambari 47. Kwangu kapita moja kwa moja. Nimemkimbilia, nikamwambia hapa pana shimo. Kaangalia chini. Akasema, silioni, mzee. Nikamwambia nimeliziba jana. Akasema basi ahsante kwa kujitolea.

Mwalimu alikuwa ukutani. Akanyanyua kikombe, akanywa. Huko kunywa ndiko kulikoniuma.

Kifusi hakidumu hata wiki mbili, mimi najua. Nataka lami. Mwalimu ana lami.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Nimelifukua.

Kazi ya kutwa, maana nilikuwa nimeshindilia vizuri mno. Nimelichimba kuzidi lilivyokuwa, limefika gotini, asije mtu akasema halioni.

Mke wangu alikuwa dirishani. Akaniuliza kwa upole, mume wangu, hilo si lile ulilolizika juzi? Nikamwambia haya ni mambo ya ufundi. Akauliza Jumatatu atapitaje. Nikamwambia Jumatatu patakuwa na lami, utateleza kama malkia. Akafunga dirisha.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Nimepaka rangi. Njano ileile, nimetafuta maduka matatu. Mraba wangu umenyooka kuliko wa yule mkaguzi, wake umelala upande. Nambari nimeinakili kwa Mwalimu ili isiwe na kasoro. 47. Waseme sijui kuandika.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Bajaji kaliona shimo, kageuza bila kusimama. Mke wangu kachukua fimbo, anataka kutembea mpaka dukani. Nimemzuia. Nesi kakataza asikanyage, na mimi ninafuata maagizo. Nikamwambia watu wa lami wanakuja leo, ukienda utakuta umejitesa bure.

Hawakuja.

Jumatano, tarehe 12 Machi

Hawakuja. Mke wangu ana homa. Mguu unanuka, nimefungua madirisha. Binti kapiga simu, nikamwambia mama yake amelala. Ni kweli alikuwa amelala.

Mwalimu kaja, kaona mguu, katoka bila kuaga. Nadhani kaona wivu juu ya mraba.

Alhamisi, tarehe 13 Machi

Wamekuja, lori moja na watu watano. La Mwalimu wamelijaza kwa muda wa kunywa chai. Wakafika kwangu. Msimamizi kaangalia mraba, kaangalia karatasi. Akasema arobaini na saba imeshazibwa. Nikamwonyesha shimo kwa kidole. Akasema ninaliona, mzee, lakini nambari moja shimo moja, na hii nimeshaitia saini sasa hivi.

Nikashuka, nikakaa ndani ya shimo. Nikasema sitoki. Akasema, kaa tu, mzee, sisi hatuna kazi hapo.

Ndipo binti akafika. Mwalimu ndiye aliyempigia. Kapita pembeni ya shimo, hakunisalimia, kaingia ndani. Nikasikia sauti yake moja tu. Akatoka, akazungumza na msimamizi. Watu wa lami wakaacha sepetu. Wakaleta kiti cha Mwalimu, wakamkalisha mke wangu, wakamnyanyua wanne, wakampitisha juu yangu. Niliuona mguu wake. Umekuwa mweusi mpaka kwenye kifundo.

Aliniangalia kutoka juu kule. Akasema, wali uko jikoni, nimefunika. Wakampakia mbele kwenye lori.

Sikuweza kutoka. Ningetoka ningekuwa nimekubali kwamba nambari yao ni sahihi.

Jumamosi, tarehe 15 Machi

Wamekata. Chini ya goti.

Binti kanieleza kwa simu. Daktari kasema angeletwa Jumatatu wangekata kidole tu. Nimemuuliza Jumatatu hiyo angepita wapi. Akakata simu. Binti yangu hajui mambo ya barabara.

Leo sikula.

Jumanne, tarehe 18 Machi

Binti kaja kuchukua nguo za mama yake. Zote, na mashuka. Teksi imesimama dukani, kazibeba mwenyewe kichwani, safari tatu. Akaniambia mama atakaa kwake moja kwa moja. Kuna kitanda changu pia. Akasema mama anauliza kila siku, mzee yuko wapi.

Nikamweleza kwamba jana nimefika manispaa. Nimekutana na mhandisi mwenyewe, si mkaguzi. Nilimtajia barabara zangu zote, akawa anaitikia kwa kichwa. Ameahidi kufika Ijumaa. Nikiondoka nani atamwonyesha? Mwambie mama yako awe na subira, lami ikikauka nitamleta na gari mpaka langoni.

Binti akasema, Baba, mama hajauliza habari za lami.

Nikamwambia atauliza.

Alisimama kidogo pale langoni, mzigo wa mwisho kichwani, kisha akaenda. Mimi nimechukua jembe. Mhandisi ni mtu wa miwani. Nimelipanua shimo mpaka kwenye mfereji, Ijumaa asipate pa kupita bila kuliona.