Taa Iliyoniibia Mke

Jumatatu, 3 Machi
Shemeji kaleta taa. Nyeupe, pana kama sinia, mwanga wake mkali kama jua la asubuhi. Mke wangu akae mbele yake nusu saa kila asubuhi. Daktari wake wa saratani kakubali, ati itamrudishia usingizi uliompotea tangu aanze dripu. Nikacheka. Miezi yote hii mwenzake wa kukesha ni mimi! Namkanda miguu, tunasengenya ukoo mzima hadi kunakucha. Taa itajua nini kuhusu shangazi yake?

Jumapili, 16 Machi
Kalala usiku kucha. Anakoroma! Nimefurahi. Uongo, nimefurahi kidogo. Nilikuwa na habari motomoto za binamu yake, nikaishia kuuhadithia mto. Asubuhi akaipangusa taa vumbi kwa upindo wa nguo yake. Mimi hajanipangusa tangu harusi. Mgoni wangu ana waya na swichi!

Jumatatu, 17 Machi
Nimeificha taa kwenye pipa la unga. Mke wangu hakugomba. Kampigia nesi simu, nesi akasema hata jua la asubuhi linafaa. Akatoa kiti nje. Nani kajileta na kiti chake? Jirani yetu, fundi redio. Mgane, shati limepigwa pasi! Kamletea redio ndogo ya kumliwaza. Wakacheka wee. Nimechungulia dirishani mpaka shingo imekakamaa. Wivu unanimaliza.

Jumanne, 18 Machi
Nimeirudisha taa. Nikadai ilikuwa uvunguni. Mke wangu akapuliza unga kwenye swichi, akanitazama. Akasema anapokesha hunisikia nusu tu, maumivu na woga vinamziba masikio. Akilala, mchana anapata nguvu za kunisikiliza. Kisha akavuta kiti cha pili mbele ya taa. Machozi yalinitoka. Ni mwanga ule, bila shaka. Nikammwagia habari za binamu, akacheka mpaka akashika mbavu.

Jumatano, 19 Machi
Tumekaa tena wawili. Raha! Ila redio ya yule bwana inanikatiza. Mke wangu kaniambia nisubiri taarifa ya habari iishe. Mimi, nisubiri! Alipokwenda kuoga nikaifungua, nikakata waya mmoja. Kimya. Ushindi!

Sasa namsikia dirishani, anamwita fundi aje kesho mapema na bisibisi zake. Aje tu. Pipa la unga bado lina nafasi.