Dagaa wa Paka wa Gorniak

Novemba iliyopita kijito chetu kilipata dakika nne za ukimya ambazo hakijawahi kupata tena. Thaddeus Gorniak alikuwa amesimama ndani yake, na hakusema neno.

Huyu ni mtu aliyezungumza kanisani wakati wa sala, na kwa daktari wa meno huku mdomo umejaa pamba. Mada yake ilikuwa moja: stilihedi, yule samaki wa rangi ya fedha anayepanda kutoka Ziwa Erie mvua za vuli zinapojaza vijito, avuliwe kwa nzi bandia tu, nzi wa manyoya aliyefungwa na mvuvi kwa mkono wake. Anayemvua kwa chambo cha dagaa, alisema, ni sawa na anayeposa kwa kumrushia binti mkate dirishani.

Sisi watu wa dagaa tulimeza. Tungesema nini? Alikuwa anavua kutushinda sote.

Ijumaa ile, baada ya mlo wa samaki wa kukaanga parokiani, chama cha wavuvi kingechagua mwenyekiti. Gorniak alikuwa ameahidi kwamba akikalia kiti, dagaa hatakanyaga tena kijito. Koti lake la kuvaa siku ya ushindi, lenye beji, lilikuwa limeshapigwa pasi. Aliyekuwa akiondoka kitini ni Loretta Hudak, bibi wa miaka sabini na tisa, aliyewauzia wavuvi dagaa wa barafu kupitia dirisha la jikoni kwake. Marufuku ile ingemfungia dirisha. Hakulalamika. Alisema tu kwamba angependa kumwona mrithi wake kazini.

Basi asubuhi ya Ijumaa tukapanda naye kijito, mimi na Vince Carlotti, tukimshika mkono kwenye mawe. Baridi ilikuwa ya kugandisha machozi. Gorniak tulimkuta kwenye kona, chini ya genge la mwamba. Alipotusikia aligeuka upesi, mkono mdomoni.

Vince akamuuliza leo anatumia nzi gani. Gorniak akaonyesha mbingu kwa kidole.

Vince akauliza kama ulimi umeganda. Gorniak akatikisa kichwa taratibu, kama askofu anayekataa chai. Shavu la kushoto lilikuwa limevimba.

"Mwache," Loretta akasema. "Labda anasali."

Tukangoja. Maji yalipita. Jani moja la mkuyu lilishuka, likazunguka, likaenda zake ziwani.

"Thaddeus," Loretta akasema hatimaye, kwa upole, "nataka nikuachie kiti kwa moyo mweupe. Niambie tu kwa kinywa chako: wewe ni mtu wa manyoya?"

Kiti kile alikuwa amekiota miaka kumi na mmoja. Uso ukawa mwekundu, kisha wa zambarau. Akafumbua midomo kiasi cha kupitisha "mm-hm," na pembeni mwa hiyo "mm-hm" ukachungulia mkia.

Kila mvuvi wa huku anajua: dagaa wa barafu ukimchoma ndoana kabla hajalainika, anavunjika vipande. Na asubuhi kama ile, hakuna mahali penye joto isipokuwa shavuni.

Loretta akaingia majini hadi magotini. Akauvuta ule mkia kwa vidole viwili, kama fundi cherehani anayetoa pini mdomoni mwa mwanafunzi wake. Akamgeuza dagaa kwenye mwanga.

"Huyu ametoka kwangu," akasema. "Mkeo Arlene hununua mfuko kila Jumatatu. Huniambia ni wa paka." Akamtazama. "Paka hajambo, Thaddeus?"

"Hatuna paka," akasema Gorniak.

Ilikuwa hotuba yake fupi kuliko zote, na ya kwanza isiyo na uongo ndani yake.

Jioni ile Loretta alirudishwa kitini kwa kura zote, na ya Gorniak ikiwamo. Siku hizi hununua dagaa mwenyewe, na anatumia tena mdomo wake kwa mazungumzo. Yule dagaa yumo katika chupa ya siki, kwenye dirisha la jikoni la Loretta Hudak.